Pikapu mpya ya kubeba samaki: uvungu wake utakingwaje na kutu?

Dada mmoja wa Msambweni anayefanya biashara ya samaki ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nimenunua pikapu mpya kabisa ya milango minne. Itabeba samaki kutoka Shimoni na Gazi hadi Mombasa, na karibu kila siku nitavuka feri ya Likoni. Waliouza wananihimiza nilipie kupakwa lami nyeusi uvunguni kote, eti kutu haitagusa maisha. Fundi wa mtaani ananiambia nisipoteze pesa, anipulizie oili chafu. Kijana wangu naye ameona kifaa cha umeme cha kuzuia kutu kinauzwa mtandaoni. Nimfuate nani? Gari langu la kwanza lilinifia mikononi, chesisi ilikatika kwa nyuma."

Marahaba, dada yangu. Hongera kwa gari, na pole kwa lile la kwanza. Kati ya hao watatu usimfuate hata mmoja. Kutu ya pwani haizuiwi kwa koti nene. Inazuiwa kwa kuiondoa chumvi kabla haijakaa, na kwa kuweka kinga laini inayopenya mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Nitakueleza sababu, kwa maana ukizijua hakuna fundi wala muuzaji atakayekuyumbisha.

Kwanza ujue gari lako limetoka kiwandani na kinga gani. Bamba la bodi la magari mengi ya siku hizi hupakwa zinki, unene wa mikroni 7 hadi 10 hivi kila upande, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kisha bodi nzima huzamishwa kwenye birika la praima, yaani rangi ya msingi, na kupitishiwa umeme, rangi ikashika kila pembe hadi ndani ya milango. Tabaka hilo lina kama mikroni 20. Maungio huzibwa kwa gundi maalumu, na sakafu kwa upande wa chini hupuliziwa plastiki nene ya kuzuia mawe. Zinki ina tabia moja nzuri sana: bamba likikwaruzika mpaka chuma kikaonekana, yenyewe ndiyo huliwa kwanza na chuma cha jirani husalimika kwa muda. Porsche walianza kutumia bamba la zinki kwenye 911 katikati ya miaka ya 1970, Audi wakafanya bodi nzima ya Audi 100 mwaka 1985, na kutoka hapo jambo hilo likaenea. Kwa hiyo bodi ya gari jipya si yatima. Usikubali kutishwa kwamba limekuja uchi.

Chesisi ndiyo habari nyingine. Pikapu imekaa juu ya mihimili miwili mirefu ya chuma kinene, iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, na katika pikapu nyingi mihimili hiyo haina zinki. Ina rangi tu, pengine na nta. Ndani ina uwazi, na ina matundu mengi ambayo maji, mchanga na tope hupita kuingia. Toyota, ambao huku kwetu jina lao ni dhamana, waliliona jambo hili kwa gharama kubwa kule Marekani, kwenye majimbo ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Chesisi za Tacoma, pikapu yao ya huko, zilioza hadi zikatoboka. Mwaka 2008 walianza mpango wa kuyanunua tena au kuyatengeneza magari ya 1995 hadi 2000, na mwaka 2016 wakakubali mapatano ya kesi nyingine, iliyohusu Tacoma za 2005 hadi 2010 pamoja na baadhi ya Tundra na Sequoia, yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Ikiwa chesisi ya kampuni kama hiyo iliweza kuoza kwa chumvi ya majira ya baridi peke yake, ya kwako inayokutana na bahari mwaka mzima lazima uihangaikie.

Kuhusu chumvi yenyewe, watu wengi hudhani ubaya wake ni ukali tu. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine kupitia maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hilo ni kweli. Lakini kinachotuumiza zaidi watu wa pwani ni kwamba chumvi huvuta unyevu wa hewa. Chumvi ya mezani huanza kulowa unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesi, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33. Usiku wa Mombasa, Tanga au Unguja hewa hupita hiyo 75 mara nyingi mno. Kwa hiyo gari lililoegeshwa, ambalo kwa macho limekauka, uvunguni mwake chumvi inaendelea kunywa maji ya hewa hadi asubuhi, na joto letu linaichochea kazi hiyo iende mbio.

Sasa tuingie kwenye gari lako. Umesema la kwanza lilikatika nyuma, nami sishangai. Mzigo wako ndio ulioliua kabla ya bahari. Samaki wanakuja na maji ya bahari mwilini, barafu ikiyeyuka inayachukua pamoja na damu, na yote hutiririka kwenye sakafu ya sehemu ya mzigo, yakapenya matundu ya pembeni na kudondokea kwenye chesisi juu ya tairi la akiba. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote: pamefichwa na tairi, upepo haupiti, waosha magari hawapaoni, na tope lililorushwa na magurudumu ya nyuma limejazana juu ya muhimili. Lala chini siku moja, mwombe mtu alishushe tairi la akiba, upapase sehemu ya juu ya muhimili kwa kidole. Ukikuta tope lenye unyevunyevu ilhali mvua haijanyesha wiki nzima, hilo ni tope la chumvi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza usiitumie kwenye dawa. Itumie kwenye makasha ya samaki yasiyovuja, yenye mpira wa kutolea maji unaofika nyuma kabisa, nje ya bampa, au maji hayo yakusanywe kwenye dumu. Pia, kama umewekewa lile trei la plastiki linalofunika sakafu ya mzigo, ling'oe angalau mara moja kwa mwezi. Mchanga unaoingia chini yake huisugua rangi kila gari linapotikisika, na maji ya samaki hukaa humo bila kukauka. Kwa kazi kama yako afadhali sakafu ipuliziwe ile rangi nzito ya mpira inayoshikamana na bamba lenyewe, ambayo haiachi nafasi ya maji kujificha.

Kuosha ndiyo dawa kubwa, nayo ina masharti. Feri ya Likoni ina mahali ambapo magurudumu hukanyaga maji ya bahari, pale mlango wake unapolalia sakafu ya gati, na gari la mbele yako hukurushia. Siku ambazo safari haikulazimishi kupita Likoni, barabara ya Dongo Kundu itakuepusha na maji hayo, ingawa upepo wa bahari utakuwa nao popote. Siku uliyovuka feri au kuingia ufukweni, osha uvungu siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Siku nyingine mara moja kwa wiki inatosha, na msimu wa kusi bahari inapochafuka ongeza.

Uliza pia maji yanatoka wapi. Visima vingi vya pwani, hasa vilivyo karibu na ufuo, vina chumvi, na waosha magari wengi hutumia maji hayo hayo kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Utalipa mtu akupake chumvi. Onja maji kabla hajaanza. Ukihisi ladha ya chumvi, nenda kwingine, au uwe na tangi la maji ya mvua nyumbani kwa ajili ya kusuuza. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima au Baricho ni mazuri.

Na namna ya kuosha: mashine ya kusukuma maji kwa nguvu ni nzuri kwa kung'oa tope kwenye madigadi, kwenye springi na kwenye kingo za chini za milango. Ila isielekezwe kwa karibu kwenye oili sili, beringi, soketi za nyaya wala redieta. Ndani ya chesisi nguvu haisaidii sana. Kinachotakiwa ni maji mengi. Ingiza mpira wa kawaida kwenye tundu la mbele, uache maji yatiririke mpaka yatoke kwenye matundu ya nyuma yakiwa meupe. Mara ya kwanza utashangaa mchanga utakaotoka. Kisha hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye vizingiti hayajaziba. Kijiti chembamba kinatosha kuyazibua. Baada ya hapo liache gari mahali penye upepo. Kulifunika turubai likiwa bichi ni kulitesa, na kuegesha juu ya nyasi au mchanga mbichi usiku kucha ni vivyo hivyo.

Tuje kwenye dawa. Ninayokushauri ni ya aina ya mafuta mazito yasiyokauka kabisa. Ipo ya lanolini, yaani mafuta yanayopatikana kwenye sufu ya kondoo, na ipo ya nta iliyoyeyushwa. Uzuri wake ni kwamba hutambaa, huingia kwenye maungio ya chuma kwa chuma, na ikikwaruzwa na jiwe hujirudishia kidogo. Na kwa kuwa ni laini na nyembamba, fundi akichungulia anaona chuma kilivyo. Kwa pikapu kama yako andaa lita 4 hivi kwa mara ya kwanza. Ndani ya chesisi hutumika mpira mrefu wenye ncha inayotawanya dawa pande zote: unausukuma hadi mwisho wa muhimili, kisha unauvuta polepole huku ukipuliza. Fundi asiye na mpira huo, akakuambia atapuliza kwa nje tu, mshukuru uende zako. Nje ya chesisi ni nusu ya kazi, na tena ni ile nusu nyepesi.

Lanolini rudia kila mwaka, na kwenye madigadi kila miezi sita kwa sababu maji ya barabarani huiosha. Nta ya ndani ya chesisi huvumilia zaidi, miaka miwili hivi, ila ikaguliwe. Wakati mzuri kwetu ni kaskazi, Januari hadi mapema Machi, kabla masika hayajafika, kwa kuwa chuma kinahitaji kukauka kwelikweli kwanza. Osha leo kwa maji baridi, acha siku mbili za jua na upepo, kisha pulizia. Dawa ikipakwa juu ya chuma chenye chumvi na maji, umekifungia adui ndani.

Fundi azibe kwa karatasi na gundi ya karatasi sehemu zisizotakiwa kuguswa: diski na pedi za breki, ekzosi na kisafisha moshi chake, fimbo za shokapu, sensa za magurudumu, mikanda na soketi za umeme. Mipira ya bushi nayo isipuliziwe dawa yenye petroli. Na yeye mwenyewe asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe kwenye stendi au juu ya shimo, mahali penye hewa, pasipo moto wala uchomeleaji, maana dawa hizi zikiwa bado mbichi hushika moto.

Sasa lami. Sitaki kuisema vibaya kupita haki yake. Ndani ya madigadi, juu ya rangi safi na kavu, tabaka zito la mpira au lami husaidia dhidi ya mawe ya murram, na wewe ukipanda Kinango au Lunga Lunga kuchukua mzigo utayajua hayo mawe. Shida ni kuipaka chini kote na kuambiwa umemaliza. Lami huzeeka kwa joto, ikakakamaa na kupasuka. Maji ya chumvi hupita kwenye ufa, yakatambaa kati ya lami na chuma, yakakaa humo. Mahali penye maji lakini hewa kidogo ndipo chuma huliwa haraka, huku pembeni penye hewa pakisalimika. Kutu inayozaliwa ina ujazo mkubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huisukuma lami iachane zaidi na chuma, na nafasi ya maji inaongezeka. Yote hayo yanatokea chini ya weusi unaong'aa.

Nimekagua magari ambayo uvungu wake ulionekana wa kupendeza, mweusi sawasawa kutoka mbele hadi nyuma. Ukigonga muhimili kwa mpini wa bisibisi unasikia mlio mfu badala ya mlio wa chuma. Ukiingiza ncha pembeni, lami inavuliwa kama ganda la muhogo uliochemshwa, na nyuma yake unakuta magamba ya kahawia yanayodondoka kwa tabaka. Mwenye gari alikuwa amelala usingizi miaka yote hiyo kwa sababu alilipia. Hiki ndicho kinachoniuma kwenye biashara ya lami: inamnyima mtu nafasi ya kuona tatizo lingali dogo, wakati msasa, praima ya zinki na kopo la rangi vingemtosha.

(Wanaonunua magari ya mtumba kutoka Japani nao wasikilize hapa. Mikoa ya kaskazini kama Hokkaido hutia chumvi barabarani wakati wa theluji. Ukikuta uvungu wa gari la miaka saba umepakwa weusi mbichi, gonga kwanza, furahi baadaye.)

Oili chafu. Najua imezoeleka, na najua haigharimu kitu. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi, maji na vumbi la chuma, mambo yale yale tunayoyakimbia. Hulainisha na kuvimbisha mipira ya bushi na vifuniko vya jointi, ikakuletea gharama kubwa kuliko uliyookoa. Hudondoka pale unapoegesha na mvua ikaipeleka baharini, mahali unapopata riziki yako. Ina pia kemikali ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara huongeza hatari ya saratani. Tone moja likifika kwenye diski ya breki, sina haja ya kukueleza mteremko wa kuingia ferini utakuwaje. Na wewe unabeba chakula cha watu. Hapana.

Kifaa cha umeme mwambie kijana kwamba wazo lake lina asili ya kweli, ila limewekwa mahali pasipo pake. Meli na mabomba ya chini ya ardhi hukingwa kwa umeme kwa sababu yamezama, yamezungukwa na maji au udongo unyevu ambao umeme unapita bila kukatika. Gari limezungukwa na hewa. Tone la maji lililo kwenye muhimili wa nyuma halina njia ya kuunganishwa na kisanduku kilichofungwa karibu na betri. Nchini Marekani, miaka ya 1990, tume ya serikali inayolinda wanunuzi ilimchukulia hatua muuzaji wa kifaa cha aina hiyo kwa madai yasiyo na ushahidi. Pesa hiyo nunulieni mpira mrefu wa maji.

Jambo moja hukuliuliza na ndilo ninaloliogopa kuliko chesisi. Mabomba ya breki hupita kandokando ya muhimili, yameshikwa na vibanio vidogo, na kila kibanio ni kiota cha tope la chumvi. Bomba likitoboka, pedali inazama hadi sakafuni. Kila fundi anapobadilisha oili ya injini, mwambie asafishe vibanio hivyo kwa brashi, aangalie kama kuna malengelenge chini ya rangi ya bomba, na apake lanolini kidogo. Aangalie pia mikanda ya chuma inayoshika tangi la mafuta, hasa upande wake wa juu, ambako maji hujikusanya. Kazi hiyo haimalizi robo saa.

Kuhusu walewale wanaokuhimiza ulipie lami, kabla hujatia saini soma karatasi ya dhamana ya kutu iliyokuja na gari. Kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji inahusu bamba la bodi lililotoboka kabisa kutoka ndani kwenda nje. Kutu ya juujuu haimo, na mara nyingi uharibifu wa mzigo au kutooshwa haumo. Waulize kama chesisi imo, maana mara nyingi haimo. Waulize kama kupaka kwao kunahitaji kutoboa matundu mapya kwenye bodi. Kama ni hivyo kataa, kwa kuwa kila tundu jipya ni ukingo wa chuma usio na zinki wala praima, na mtengenezaji anaweza kuifuta dhamana kwa sababu hiyo. Wakisema watapaka nta ndani ya chesisi na lami kwenye madigadi manne tu, hiyo ni kazi unayoweza kuilipia. Waambie uwepo wakati inafanyika, na gari liwe limeoshwa na kukauka siku mbili kabla. Kisha kabla samaki wa kwanza hajapanda, mwombe kijana wako alale chini na simu apige picha za uvungu wote, hasa juu ya tairi la akiba, kwenye vibanio vya breki na kwenye maungio ya springi. Mwakani, wakati wa kaskazi, mtazilinganisha na picha mpya na kujua ni wapi pa kuongeza dawa.